Mishipa ya Miguu: Chunguzwa Kabla ya Kulipia Urembo

Je, mishipa ya buluu imejitokeza miguuni mwako? Ndani yake mna vali zinazozuia damu kurudi chini. Zikilegea, damu hutuama na mishipa huvimba. Kusimama kutwa, iwe dukani Kitengela au sokoni Kajiado, huzidisha hali hiyo.

Krimu haziifuti. Soksi za kubana hupunguza uchungu tu. Mishipa midogo hudungwa dawa ikanywea. Mikubwa huzibwa kwa joto la leza au huondolewa kwa upasuaji. Mjamzito na asubiri: mara nyingi hupungua baada ya kujifungua.

Kabla ya kulipa, uliza kama utapigwa picha ya altrasaundi. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.