Istilahi za Kupima Madini ya Mfupa

Vifaa tiba vingi vimeingia katika mazungumzo ya watu kabla lugha haijapata nafasi ya kuvipokea. Kimojawapo ni mashine ya kupimia madini ya mfupa, ile ambayo juu ya karatasi ya majibu yake huandikwa herufi DXA. Makala haya yanakusudia kueleza kifaa hicho hupima nini, majibu yake yaaminiwe kwa kiasi gani, na kina hatari gani kwa mtu anayepimwa. Kwa kuwa mambo hayo hayaelezeki pasipo maneno, tutayatazama pia maneno ambayo wafasiri na waganga wamezoea kuyatumia. Mengi yanafaa. Machache, kwa maoni yetu, yaweza kumdhuru mgonjwa.

Asili ya kifaa hiki ni kazi ya John Cameron na James Sorenson wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambao mwaka 1963 walitangaza njia ya kupitisha mwali mwembamba wa mionzi katika mfupa na kupima kiasi kilichotokea upande wa pili. Wakati huo mionzi ilitoka katika elementi zenye unururifu. Mwaka 1987 zikaanza kuuzwa mashine zinazotumia bomba la eksirei, na hizo ndizo zilizoenea. Mashine hupitisha eksirei za nguvu mbili, kubwa na ndogo. Nyama na mafuta huzizuia kwa namna moja, na mfupa wenye kalsiamu kwa namna nyingine. Kwa kulinganisha tofauti hizo kompyuta hutenga sehemu ya mfupa na kukadiria madini yaliyomo.

Sasa tujiulize, kinachopimwa hapo kiitwe nani? Wapo wasemao “uzito wa mifupa”. Jina hili halifai hata kidogo, kwa kuwa mtu mwenye mifupa mikubwa aweza kuwa na mifupa mizito na dhaifu kwa pamoja. Wengine husema “unene”, na kosa ni lile lile. Wanafizikia hutumia “densiti” au “msongamano”, yaani tungamo iliyomo katika ujazo fulani. Wazo lenyewe si geni kwetu. Aliyewahi kupima kwa kibaba ajua kwamba kibaba cha mchele na kibaba cha pumba ni sawa kwa ujazo, lakini mkononi havilingani. Mfupa uliopungukiwa na madini waelekea upande wa pumba.

Hata hivyo, “msongamano” nao wahitaji tahadhari. Mashine hii haioni ujazo, huona kivuli. Majibu yake hutolewa kwa gramu kwa sentimita mraba, si kwa sentimita za ujazo. Tukiwa na mifupa miwili iliyojaa madini kwa kiwango kimoja, mmoja mnene na mwingine mwembamba, ule mnene utatoa tarakimu kubwa zaidi kwa sababu tu mionzi imepita katika kina kirefu zaidi. Ndiyo maana mtoto, au mtu mzima mwenye umbo dogo, aweza kuonekana ana upungufu asiokuwa nao. Twapendekeza basi istilahi kamili iwe “msongamano wa madini ya mfupa kwa eneo”. Ni ndefu, twakiri, lakini maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayobeba onyo. Kwa matumizi ya kila siku “kiasi cha madini ya mfupa” chatosha, mradi pasiwepo mtu wa kuligeuza kuwa “nguvu ya mfupa”. Nguvu hutegemea pia umbo la mfupa na mpangilio wa nyuzi zake za ndani, mambo ambayo kivuli hiki hakiyaonyeshi.

Kuhusu utendaji wa kifaa, Kiswahili cha mazungumzo kina neno moja tu, “usahihi”, na hapo ndipo penye upungufu. Kazi ya upimaji yadai maneno mawili. Tuchukue mizani ya dukani ambayo kila mara huongeza gramu 50. Ukiipima kilo ile ile ya sukari mara kumi, utapata jibu lile lile mara kumi, na mara zote kumi jibu si la kweli. Mizani hiyo ni thabiti lakini si sahihi. Kwa hiyo “usahihi” ubaki na maana ya kukaribia ukweli, na “uthabiti wa kipimo” uwe ni kule kupatana kwa vipimo vinavyorudiwa.

Katika upimaji wa mifupa uthabiti ndio wenye uzito zaidi, kwani mganga mara nyingi hutaka kujua kama dawa inafanya kazi, na hujua hilo kwa kulinganisha kipimo cha leo na cha mwaka juzi. Chama cha kimataifa cha wapimaji wa fani hii huelekeza kila kituo kipime watu 30 mara mbili, au watu 15 mara tatu, huku mtu akishuka kitandani na kulazwa upya, ili kituo kijue kosa lake chenyewe. Kosa hilo lisizidi asilimia 1.9 katika pingili za kiunoni. Hesabu huonyesha kwamba badiliko lolote lililo chini ya mara 2.77 ya kosa hilo haliwezi kutegemewa. Yaani kituo chenye kosa la asilimia 1.9 hakina haki ya kumwambia mgonjwa kwamba amepata nafuu au amezidiwa mpaka tofauti ifikie asilimia 5.3. Tofauti hiyo tungeiita “badiliko la chini lenye maana”. Aidha, mashine za watengenezaji mbalimbali hazisomi sawasawa, na mgonjwa aliyepimwa kwa mashine moja mwaka huu na kwa nyingine mwaka ujao hana vipimo viwili vya kulinganisha.

Yako pia mambo ya nje yanayodanganya mashine. Kifungo cha chuma, kidonge cha kalsiamu kilichobaki tumboni, mshipa mkuu wa damu uliogumaa kwa chokaa, au pingili iliyobonyea, vyote huongeza tarakimu na kuufanya mfupa dhaifu uonekane mzima. Ili kuichunguza mashine yenyewe, wapimaji hupima mara kwa mara umbo la uti wa mgongo lililotengenezwa kwa kiasi cha madini kinachojulikana. Umbo hilo laweza kuitwa “kielelezo cha kupimia”. Tumewahi kusikia likiitwa “sanamu”, neno ambalo halina kosa ila lachekesha.

Tuje katika usalama. Neno “mionzi” limekwisha kaa vinywani mwa watu, nasi hatuna sababu ya kuling’oa. Lakini wengi wamelisikia kwanza katika tiba ya saratani, na mtu akiambiwa atapigwa mionzi ya mifupa hudhani ana saratani ya mifupa. Heri aambiwe “kupimwa kwa eksirei hafifu”. Kiasi anachopata katika upimaji wa kawaida wa kiuno na nyonga aghalabu ni mikrosiveti chache tu. Kwa wastani wa dunia nzima binadamu hupata kama mikrosiveti 2,400 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula, nazo ni karibu mikrosiveti 6.6 kila siku. Upimaji huo basi walingana takriban na siku moja ya kuishi. Hata hivyo “hafifu” si sawa na “hakuna”, na mjamzito hupaswa kusema kabla ya kulazwa kitandani. Kwa kiasi hicho tusitumie “dozi”. Kwa msemaji wa kawaida dozi ni dawa, na dozi humalizwa. Aliyeandikiwa “dozi ya mionzi” aweza kurudi kuuliza iliyobaki atapewa lini. “Kiasi cha mionzi” chatosheleza.

Neno linalotutia wasiwasi kuliko yote ni “hasi”. Majibu hutolewa kwa kulinganisha mfupa wa mgonjwa na wastani wa vijana wazima, na tofauti huhesabiwa kwa mikengeuko sanifu. Tarakimu hiyo huitwa kipimo T. Tuchukue mfano wa nyonga. Wastani unaotumika kwa mashine za aina moja iliyoenea sana ni gramu 0.858 kwa sentimita mraba, na mkengeuko sanifu ni 0.120. Mwanamke mwenye 0.558 yuko mikengeuko 2.5 chini ya wastani, na kwa mujibu wa mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 ana osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kupungukiwa na madini hata ikavunjika kwa urahisi. Mfasiri mwaminifu ataandika “hasi 2.5”, na kwa kanuni za hisabati hakukosea. Lakini kwa muda mrefu sasa wasemaji wa Kiswahili wamefundishwa katika upimaji wa virusi vya UKIMWI kwamba hasi ni habari njema. Bibi atakayesoma “hasi” katika karatasi yake atamshukuru Mungu, aikunje karatasi, aende zake. Kwa hiyo twashauri iandikwe “2.5 chini ya wastani”, wala si hasi wala si “alama pungufu”, kwani alama nazo ni za mtihani, na ugonjwa haukupimwa ili mtu afaulu au ashindwe.

Yafaa pia ielezwe huo ni wastani wa nani. Tarakimu hizo mbili zilitokana na wanawake weupe wa Marekani wenye umri wa miaka 20 hadi 29, waliochunguzwa kati ya mwaka 1988 na 1994, nazo ndizo zilizopendekezwa zitumike kwa mataifa yote. Kwa hiyo “wastani wa kawaida” lisiandikwe pasipo maelezo. “Wastani wa kulinganishia” ni la kweli zaidi, maana halidai kuwa ndio ukawaida wa kila mtu. Kwa watoto, kwa wanawake ambao hedhi haijakoma na kwa wanaume walio chini ya miaka 50, kinachotumika ni kipimo Z, ambacho humlinganisha mtu na wa umri wake.

Limebaki jambo la majina ya mahali. Mashine hupima hasa pingili nne za chini ya mbavu na sehemu ya juu ya fupaja. “Kiuno” katika matumizi ya wengi hukusanya mahali pote pawili, basi ni afadhali kusema “pingili za kiunoni” na “nyonga” mbalimbali. Sehemu nyembamba ya fupaja inayoshika kichwa chake huitwa “shingo ya fupaja”, nayo isifupishwe kamwe. Karatasi isemayo “shingo: udhaifu” itampeleka mgonjwa kutafuta dawa ya kukandia shingo, na huku panapovunjika ni nyongani.