Saratani ya shingo ya kizazi: Malezi mema pekee hayamkingi binti

AKINA mama wengi wa Ujiji, Gungu na Kibirizi wamekwishasikia habari za saratani ya shingo ya kizazi. Wasilolijua wengi ni kwamba maradhi haya huletwa na virusi, na virusi hivyo vina chanjo.

Virusi hivyo huitwa papiloma, kwa kifupi HPV, na huambukizwa zaidi kwa tendo la ndoa. Mara nyingi mwili huvishinda wenyewe. Vikibakia, huweza kuleta saratani baada ya miaka 15 au 20. Aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Makadirio ya mwaka 2020 yanaonesha kuwa wanawake zaidi ya 10,000 waliugua hapa Tanzania, na zaidi ya 6,000 walifariki.

Wazazi huuliza: Binti yangu nimemlea katika dini, chanjo ya nini? Ndugu msomaji, binti anaweza kujihifadhi mpaka siku ya nikahi, kisha akavipata virusi ndani ya ndoa yake ya halali. Mume aliyewahi kuoa kabla anaweza kuwa navyo bila dalili yoyote. Kumchanja binti si kumtuhumu.

Wengine hutegemea usafi. Kustanji na kuoga kuna faida nyingi, lakini maji hayaondoi virusi hivi. Tohara ya wanaume hupunguza maambukizi kwa wake zao, kama ulivyoonesha utafiti wa Rakai, Uganda, uliotolewa mwaka 2011, ila haiyamalizi.

Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja, kwa wenye miaka 9 hadi 14, bila malipo. Dozi moja inatosha: utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 ulionesha kuwa miaka miwili baada ya dozi moja, karibu wote walikuwa na kinga mwilini. Nchini Uingereza, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 na 13 walipungukiwa na saratani hii kwa asilimia 87. Ama uvumi kwamba chanjo inafunga kizazi, tafiti hazikuuthibitisha.

Chanjo hukinga, haitibu. Hivyo mama aliyekwishaolewa, hasa wa miaka 30 hadi 50, akapimwe. Mhudumu hupaka siki kwenye shingo ya kizazi, na sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Yakigunduliwa mapema hutibika kirahisi. Yakichelewa, mgonjwa wa Kigoma huenda akalazimika kusafiri hadi Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, kutafuta tiba ya mionzi.

Jambo la mwisho ni damu. Wapo wanaotokwa na damu nje ya hedhi, baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, wakaiita istihadha, wakauliza hukumu ya swala na kuishia hapo. Kujua hukumu ni wajibu, lakini chanzo cha damu hiyo nacho kitafutwe hospitalini.

Akina baba, gharama ya nauli ya kwenda kupima iko mikononi mwenu. Itoeni mapema.