Kuugua si msamaha: Sahihi inayowaponza wageni katika maduka ya dawa England

MKENYA anayehamia Uingereza huambiwa mapema kwamba matibabu huko ni ya bure. Maneno hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo huwaletea wengi barua ya faini.

Kumwona daktari wa Huduma ya Kitaifa ya Afya (NHS) hakutozwi chochote. Dawa anazoandika ni suala jingine. Huko England, kila dawa hulipiwa pauni 9.90, kiwango kilichoanza Mei 2024. Wales ilifuta ada hiyo mwaka wa 2007, Ireland Kaskazini 2010 na Scotland 2011. Kwa hivyo, ushauri wa jamaa anayeishi Glasgow haumfai aliye Birmingham.

Suala hili linawagusa Wakenya wengi, wakiwemo wanafunzi na wauguzi, hasa baada ya Nairobi na London kutia saini mkataba wa wahudumu wa afya Julai 2021.

Asiyestahili kulipa hutakiwa kutangaza sababu yake na kutia sahihi anapochukua dawa. Mfamasia humuuliza, kisha humpa dawa hata asipoonyesha cheti. Hapo ndipo wengi hudhani mambo yamekwisha. Ukaguzi huja baadaye, pale asasi ya NHS Business Services Authority inapolinganisha madai hayo na rekodi zake. Majina yasipopatikana, barua hutumwa.

Adhabu ni mara tano ya ada iliyokwepwa, lakini haizidi pauni 100, na ada yenyewe hulipwa juu yake. Aliyechukua dawa moja atadaiwa pauni 59.40, aliyechukua tatu, pauni 129.70. Akikawia kulipa, huenda akaongezewa hadi pauni 50.

Si wote wanaoandikiwa barua hizo ni wadanganyifu. Ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ya Mei 2019 ilionyesha kwamba tangu 2014 notisi milioni 5.6 zilikuwa zimetolewa kuhusu dawa na matibabu ya meno. Kati ya hizo, milioni 1.7 zilifutwa baada ya walioadhibiwa kulalamika na kubainika kwamba walikuwa na haki ya kusamehewa.

Chanzo cha mkanganyiko ni kanuni zenyewe. Kwanza, wanafunzi na wafanyakazi wengi hulipa ada ya afya wanapoomba viza, wakaamini kwamba dawa zimo. Hazimo.

Pili, kuugua maradhi ya kudumu si msamaha. Orodha ya maradhi yanayosamehewa iliandaliwa mwaka wa 1968, na saratani ikaongezwa 2009. Kisukari kinachotibiwa kwa dawa kimo, na kifafa kinachohitaji dawa kila siku kimo. Pumu haimo, wala selimundu, ugonjwa unaowasumbua watu wengi wenye asili ya Afrika. Hata aliye na ugonjwa ulio katika orodha hana budi kuwa na cheti, nacho huisha baada ya miaka mitano.

Tatu, mja mzito husamehewa akiwa na cheti cha uzazi, wala si kwa sababu ya ujauzito pekee. Nne, mwanafunzi wa kutwa nzima husamehewa akiwa na miaka 16 hadi 18. Wa chuo kikuu mwenye miaka 19 hulipa. Tano, kupokea ruzuku ya Universal Credit hakutoshi, kwani mapato ya kipindi kilichotangulia lazima yawe chini ya kiwango kilichowekwa.

Sheria hutoa mwanya mmoja: hapaswi kuadhibiwa anayethibitisha kwamba hakutenda kwa hila wala kwa uzembe. Hata hivyo, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Barua basi isitupwe. Ijibiwe mapema na nakala ya cheti iambatishwe.

Njia salama zaidi ni kulipa iwapo una shaka, na kuomba papo hapo stakabadhi iitwayo FP57. Ukibainika kuwa na haki, utarejeshewa pesa mradi udai katika muda wa miezi mitatu. Stakabadhi hiyo haitolewi siku nyingine.

Kwa anayetumia dawa mara kwa mara, kipo cheti cha malipo ya mapema. Kwa viwango vya 2024, cha mwaka mzima ni pauni 114.50. Anayechukua dawa mbili kila mwezi angetumia pauni 237.60 bila cheti hicho.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika duka la dawa la England, swali halitozwi hata peni moja. Sahihi iliyotiwa kwa kubahatisha ndiyo hutozwa.