Mlima hausogei, mbona skrini haitulii?

Wanaopanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru hupitia Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, wakavuka kinamasi kuelekea bonde la Teleki, wakalala Mackinder's Camp, kisha wakaondoka kabla ya mapambazuko kuifuata Point Lenana, mita 4,985. Ni safari inayofaa sana kugeuzwa mchezo wa kompyuta: mlima nyuma, mpandaji mmoja mbele, na pumzi inayopungua kadiri anavyopanda.

Turudi nyuma hadi mwaka 2013, na tuseme mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ameuandika mchezo huo kwa lugha ya Java ili uchezwe ndani ya kivinjari. Kwenye maabara ulikwenda vizuri. Likizo imefika, amerudi nyumbani Naro Moru na kuufungua kwenye saiba kando ya barabara ya Nanyuki, katika mashine kuukuu iliyoingia nchini kama "ex-UK", yaani iliyokwishatumika Uingereza. Skrini inamwekamweka, mpandaji anakwamakwama, feni inavuma, na kibonye kikibonyezwa jibu linachelewa. Mwenye saiba atasema mashine imezeeka. Mwanafunzi atasema Java ni nzito. Mara nyingi wote wawili wanasingizia. Mchezo unajichora upya kupita kiasi.

Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems Mei 1995, kazi iliyoongozwa na Mkanada James Gosling. Kilichoipa jina haraka ni apleti, yaani programu ndogo iliyokaa ndani ya ukurasa wa wavuti. RuneScape, mchezo uliotoka Uingereza mwaka 2001, ulichezwa hivyo, na Minecraft ya 2009 ilikuwa na toleo la kivinjari katika siku zake za mwanzo. Siku hizi apleti hazipo tena. Chrome iliacha kuzikubali mwaka 2015, Firefox ikafuata 2017, na Oracle, iliyoinunua Sun mwaka 2010, iliondoa programu-jalizi ya kuziendesha kwenye Java 11 mwaka 2018. Ugonjwa wa kuchora kupita kiasi, hata hivyo, ulihamia kwingine, na anayeujua ulivyokuwa kwenye Java atautambua popote.

Ombi si kazi

Katika Java mwandishi wa programu hachori moja kwa moja, bali huomba. Amri ya repaint() huweka ombi kwenye foleni, kisha uzi (thread) mmoja wa programu hulichukua na kuita paint(), ambayo ndiyo huchora. Maombi yakirundikana kabla ya kushughulikiwa, Java inaweza kuyaunganisha yawe moja. Uzi huohuo ndio unaopokea vibonye na kipanya. Kwa hiyo uchoraji ukiwa mzito, kibonye cha kuruka nacho husubiri zamu, na mchezaji huona kama kompyuta imelala.

Kumwekamweka kuna chanzo chake. Katika vifaa vya zamani vya Java, vinavyoitwa AWT, ombi la repaint() hupitia kwanza update(), ambayo hujaza eneo lote rangi ya usuli ndipo iite paint(). Ni sawa na fundi wa mabango ambaye, kila bei moja inapobadilika, hupaka ukuta mzima chokaa wateja wakitazama. Jicho hunasa ile chokaa. Dawa yake inajulikana: iandike upya update() iite paint() bila kufuta, chora kila kitu kwenye picha iliyofichwa, yaani bafa, kisha imwage kwenye skrini kwa mkupuo mmoja. Vifaa vya Swing, vilivyokuja baadaye, hufanya hivyo bila kuombwa.

Wengi huishia hapo. Skrini ikitulia, wanahesabu kwamba wamepona. Lakini bafa huficha tu. Kama mchezo ulijichora mara mia tatu kwa sekunde, bado unajichora mara mia tatu, tofauti ikiwa kwamba sasa haionekani. Feni ndiyo itakayosema.

Hesabu kwanza, kisha mtafute anayeagiza

Hatua ya kwanza haihitaji kifaa chochote cha kununua. Weka kihesabio ndani ya paint() na uchapishe jumla yake kila sekunde. Mchezo uliopangiwa fremu 25 kwa sekunde uonyeshe 25 au karibu na hapo. Ukionyesha mamia, kuna anayeagiza kwa siri. Ili kumnasa, iandike upya ile repaint() yenye vigezo vitano, ambamo zile nyingine zote hupitia, na ndani yake uweke Thread.dumpStack(). Kila ombi litaacha orodha ya njia lililopitia, na jina la mwagizaji litakuwemo.

Washukiwa wa kawaida ni watatu. Wa kwanza ni repaint() iliyoandikwa ndani ya paint() yenyewe: kila mchoro unaagiza unaofuata, na prosesa haipati nafasi ya kupumua. Wa pili ni wasikilizaji wa kipanya na vibonye, ambao kila mmoja huagiza mchoro wake ilhali saa ya mchezo nayo inaagiza.

Wa tatu ni mjanja zaidi. Amri ya drawImage() humalizika kwa kigezo kinachosema nani ajulishwe picha inapobadilika, na vitabu vya shule huandika "this" bila maelezo. Picha ikiwa bado inapakiwa, au ikiwa ni GIF inayocheza, kila badiliko huagiza mchoro mpya. Moto mdogo wa GIF kwenye kambi ya wapandaji unatosha kuichoresha skrini nzima tena na tena. Picha za kawaida zipakiwe zote mwanzoni kwa MediaTracker, kisha kigezo hicho kiwe null. Moto nao uchorwe kwa picha zilizotenganishwa, zikifuata saa ya mchezo.

Baada ya hapo, mamlaka ya kuagiza yawe mikononi mwa mmoja. Saa ya milisekunde 40 inatoa fremu 25 kwa sekunde. Kibonye kibadilishe tu mahali alipo mpandaji, kisha saa ndiyo iamue kama kuna jambo jipya la kuchora.

Faida yake inahesabika. Skrini ya pikseli 640 kwa 480 ina pikseli 307,200. Mpandaji wa pikseli 32 kwa 48 ana 1,536, na ukijumlisha alipotoka na alipofika ni 3,072, yaani sehemu moja kwa mia ya skrini. Kwa kumpa repaint() mipaka ya eneo hilo tu, mlima uliokwishachorwa huachwa ulivyo.

Kutoka saiba hadi mfukoni

Leo mwanafunzi yuleyule angeandikia simu au kivinjari bila apleti. Kwenye Android ombi linaitwa invalidate() na mchoro onDraw(). Kwenye kivinjari saa moja inayostahili kuagiza ni requestAnimationFrame(). Vyombo vya uchunguzi vimerahisishwa pia: menyu ya wasanidi ya Android inaweza kumulika sehemu za skrini kila zinapochorwa, na ile ya Chrome huzipaka kijani. Gharama sasa inalipwa na betri, na kwa mtu anayeshinda shambani au njiani mbali na umeme, huo ni ubaya mkubwa kuliko kelele za feni.

Ndiyo maana mashine dhaifu ya Naro Moru ni mkaguzi bora kuliko kompyuta mpya ya maabara, kwa kuwa yenye nguvu hulibeba kosa bila kulalamika. Kabla ya kuuachia mchezo wako kwa watu, mwache mpandaji asimame, usiguse chochote, kisha utazame kihesabio. Kama hakuna kinachobadilika kwenye skrini, kisome sifuri. Kikisoma namba nyingine yoyote, kazi haijaisha.