Kitabu, Bua na Ngeli: Kumfunza Mtoto Mdogo Nyumbani Mjini Eldoret

Katika Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024, si ajabu nyumba moja kuwa na Kinandi cha mama, Kibukusu cha baba na Kiswahili cha wote. Mtoto anayelelewa humo hukipata Kiswahili mapema, lakini hukipata kikiwa kimepunguziwa ngeli: "kitabu yangu", "gari hii", "mahindi imeiva". Kinandi, kwa kuwa ni cha jamii ya Kiniloti, hakina ngeli za namna ya Kibantu. Kibukusu kinazo, ila mazungumzo ya mtaani hayamdai mtoto azitumie.

Tangu Kiswahili kilipofanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, upungufu huo aghalabu umetibiwa kwa mazoezi ya kujaza mapengo. Dawa hiyo huja kwa kuchelewa, na mtoto wa miaka minne hana haja nayo. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wazazi walijikuta wamekuwa walimu. Na mtaala wa umilisi, ulioenea nchini mwaka 2019, ulikuwa umekwisha kumtaka mzazi ashiriki katika masomo ya mwanawe. Linalobaki kuulizwa ni afanye nini hasa, na kwa lugha gani.

Njia mojawapo ni kuchagua mada moja, kusoma kitabu cha picha kinachoihusu, kisha kuitengeneza mada hiyo kwa mikono. Uasin Gishu ni nchi ya mahindi na ngano, basi mahindi yafaa kutangulia. Mmea ni muhindi, wingi wake mihindi (usichanganywe na mtu mwenye asili ya India, ambaye huandikwa kwa herufi kubwa). Tunda lake ni hindi, wingi mahindi, kama vile mwembe na embe. Mna bua na mabua, ganda na maganda, gunzi na magunzi, punje na unga. Mada moja imekwisha kutoa ngeli kadhaa, na kila neno lina kitu kinachoshikika.

Vitenzi navyo si haba. Hindi humenywa, punje hupukuchuliwa, bua hukatwa, huchanwa na kupindwa liwe gari au miwani. Likipindwa mno huvunjika, na hapo mtoto huona kwa macho tofauti ya kuvunja na kuvunjika; gari likikataa kusimama, itambidi alisimamishe. Mnyambuliko ambao mwanafunzi wa sekondari huukariri kwa jedwali, huyu huupata sakafuni.

Yafaa mzazi ajihadhari asigeuke msahihishaji. Mtoto akisema, "Baba, bua hii imevunjika," jibu jema ni, "Kweli, mwanangu, limevunjika. Tulifunge kwa uzi." Hakuna kosa lililotajwa, wala Kiswahili cha mtaani hakikudharauliwa, lakini upatanisho umesikika mara mbili, tena mara moja katika kiambishi cha mtendwa, ambacho ndicho adimu katika usemi wa mji huo.

Vitabu ndivyo vyenye tatizo. Vingi vya Kiswahili vinavyouzwa kwa umri huu vimetungwa kwa ajili ya darasa, navyo humaliza kila ukurasa kwa maswali. Kwa hiyo kitabu cha pili, kilichoshonwa nyumbani kwa karatasi chache, chenye punje na maganda yaliyobandikwa na sentensi moja chini ya kila kitu, mara nyingi husomwa zaidi kuliko kile cha dukani, maana mtoto anaijua historia ya kila punje.

Mahindi hayatoshi kwa ngeli ya KI-VI. Hapo mada ya mursik hufaa zaidi: kibuyu, kifuniko chake, na vikombe vya udongo wa mfinyanzi vilivyokaushwa juani.