Kabla ya Kuandika Taarifa, Panga Vichwa Vyake



Katika kazi ya chama hapa kwetu, kuanzia Hima na Kasese mjini hadi Kinyamaseke, Bwera na mpaka wa Mpondwe, tumeona ya kwamba haki nyingi hazipotei mkutanoni wala mbele ya mwajiri. Zinapotea katika karatasi. Mfanyakazi ana kisa cha kweli, mashahidi wapo, sheria iko upande wake. Lakini taarifa inayofika mezani kwa Ofisa wa Kazi haijulikani inaanzia wapi wala inataka nini. Ofisa anasoma ukurasa wa kwanza, anaiweka chini ya nyingine, na siku zinakwenda. Wazee walikwisha kutuambia: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata daftari likiwapo, likiwa limeandikwa ovyo, mali hupotea vile vile.

Kwa hiyo leo tunazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo: kupanga vichwa vya taarifa kabla ya kuandika taarifa yenyewe. Tunamwandikia katibu wa tawi, mwakilishi wa wafanyakazi, na kila mmoja anayepewa kalamu na wenzake kwa sababu tu anajua kusoma. Kazi hii haihitaji cheti kikubwa. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi na tunaifanya.

NYUMBA HAIANZI NA UDONGO

Mtu anayejenga nyumba ya miti haanzi kwa kukanda udongo. Kwanza hupima kiwanja, huchimba mashimo, husimamisha nguzo. Kisha hufunga fito. Udongo huja mwisho. Akianza na udongo atapata chungu ya matope, si nyumba.

Taarifa ni hivyo hivyo. Maneno ni udongo. Nguzo ni vichwa vya habari: mambo machache ambayo lazima yawemo, kila moja mahali pake. Katibu akichukua karatasi na kuanza moja kwa moja, ataandika kwa hasira yale yanayomuuma zaidi, halafu atakumbuka lingine, kisha atarudi nyuma. Kurasa sita zitajaa, na tarehe ya ajali itasahaulika. Tena hasira ina tabia ya kuandika matusi, na matusi humpa mwajiri nafasi ya kujibu matusi badala ya kujibu hoja.

TENGA SAFI NA FIFI

Wakulima wa pamba wanajua kwamba kabla ya kupeleka pamba mizani, huitenga: safi huku, fifi kule. Anayechanganya hupunguziwa bei ya yote.

Nasi, kabla ya kupanga vichwa, tutenge habari zetu. Upande mmoja tuandike yale tuliyoyaona kwa macho, yenye tarehe, saa, mahali na mtu wa kushuhudia. Upande wa pili tuandike yale tuliyoyasikia, tunayoyadhani, na tunayoyaogopa. Upande wa kwanza ndio utakaojenga taarifa. Upande wa pili usitupwe, maana huenda kesho ukapata shahidi, lakini usiingizwe katika taarifa kama jambo la hakika. Neno moja la uvumi likionekana si kweli, mwajiri atasema kila kitu ni uongo.

VICHWA SITA

Chukua karatasi moja tu. Andika vichwa hivi sita, na chini ya kila kimoja maneno machache, si sentensi nzima:

1. Taarifa inakwenda kwa nani, na kwa nini. Ya meneja si sawa na ya Ofisa wa Kazi, wala na ya halmashauri ya chama. Meneja anajua kiwanda chake. Ofisa huenda hajakiona.

2. Nini kilitokea. Tarehe, saa, mahali, watu wangapi. Anza na la kwanza, malizia na la mwisho.

3. Ushahidi gani tunao. Hati za mshahara, daftari la mahudhurio, karatasi ya daktari, majina ya mashahidi waliokubali kutajwa.

4. Sheria au mkataba wetu unasema nini.

5. Hatua gani zimekwisha kuchukuliwa, na majibu yalikuwa nini.

6. Tunaomba nini. Si «tusaidieni», bali jambo lenyewe, kiasi chake, na siku tunayotaka jibu.

Kichwa kitakachobaki kitupu kinakuonyesha pa kwenda kutafuta. Hapo ndipo faida kubwa ya mpango. Afadhali ugundue leo kwamba huna hati za mshahara, kuliko kuulizwa mbele ya mwajiri ukaangalia chini.

MFANO WA SAA ZA ZIADA

Tuchukue mfano wa kufundishia. Kiwanda cha kuchambua pamba kina wafanyakazi 40. Wakati wa msimu wanafanya saa 56 kwa wiki, kwa majuma 12. Saa zote wanalipwa kwa bei moja. Wanalalamika kwamba «tunanyonywa sana».

Neno hilo ni kweli, lakini halina kipimo. Tulitie katika vichwa. Kwenye kichwa cha nne tunaandika: Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka saa 48 kwa wiki, zinazozidi hulipwa mara moja na nusu siku za kawaida, na mara mbili siku kuu za serikali. Basi saa 8 za ziada zingelipwa kama saa 12. Wao wamelipwa 8. Kila mtu anadai malipo ya saa 4 kwa wiki. Kwa majuma 12 ni saa 48.

Tazameni, ndugu: saa 48 ni mshahara wa wiki nzima. Kila mtu amefanya kazi wiki nzima bure, na kwa watu 40 ni majuma 40 ya mshahara. Sasa kichwa cha sita kinajiandika chenyewe: tunaomba kila mfanyakazi alipwe saa 48 anazodai, kufuatana na orodha iliyoambatishwa. Ofisa hahitaji kubahatisha. Mwajiri naye hawezi kukimbilia maneno ya jumla.

Lakini rudini kwenye kichwa cha tatu. Hesabu hii yote imesimama juu ya hati za mshahara na daftari la saa. Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi haki ya kupewa hati inayochambua malipo yake kila anapolipwa. Anayeitupa hati yake anatupa shahidi wake.

SIKU ZINAHESABIWA

Mpango pia hutuokoa na wakati. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi pasipo haki ana miezi 3 ya kupeleka malalamiko kwa Ofisa wa Kazi. Na malalamiko yakikaa kwa Ofisa siku 90 bila uamuzi, mlalamikaji anaweza kwenda katika Mahakama ya Viwanda. Hizi siku huhesabiwa kwa tarehe zilizoandikwa, wala si kwa kumbukumbu. Kwa hiyo tarehe ya kuachishwa iwe juu kabisa chini ya kichwa cha pili, na tarehe ya kupeleka taarifa igongwe mhuri au kutiwa saini kwenye nakala yetu.

Mwenye vichwa sita mkononi huandika taarifa jioni moja. Asiye navyo huanza, huchana, huanza tena, na miezi mitatu si mingi.

LUGHA ISIWE KIZUIZI

Hapa kwetu mkutano mmoja una Lukonzo, Rutooro, Kiswahili, na Kiswahili cha ndugu zetu wa ng'ambo ya Mpondwe. Ofisini hutumika zaidi Kiingereza. Wengine huogopa kalamu kwa sababu hiyo. Shauri letu ni hili: panga vichwa katika lugha unayoifikiria. Wasomee wenzako kwa lugha wanayoielewa, wakusahihishe. Baada ya hapo hata kama mwingine ataiandika kwa Kiingereza, mambo yatakuwa yenu na mpango utakuwa wenu. Atafasiri maneno, hatabadili kisa.

Na kusomeana huku ni lazima. Taarifa ya tawi si mali ya katibu. Mmoja atasema tarehe si ile. Mwingine atasema, «Jina langu msilitaje, bado nina hofu.» Ni bora hayo yasemwe wakati vichwa viko kwenye karatasi moja.

WALIOTUTANGULIA

Mwezi wa Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wa bandarini, wa reli na wengineo. Walikutana Kiembeni, mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini, wakiongozwa na African Workers' Federation, ambayo Chege Kibachia alikuwa kiongozi wake. Mgomo ulipokwisha, shauri lilipelekwa mbele ya baraza la Jaji Thacker. Pale uwanjani ilitosha watu wote kusema pamoja. Mbele ya baraza ilitakiwa hesabu: mshahara kiasi gani, kodi ya nyumba kiasi gani, chakula kiasi gani. Umoja ndio uliowafanya wasikilizwe, lakini baada ya kusikilizwa ni lazima kuwe na la kusema lililopangwa.

Tukumbuke pia Kilembe. Shaba ilianza kutolewa pale mwaka 1956, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ilisimama. Kazi huanza, kazi hufungwa, mameneja huhama. Kinachobaki mikononi mwa mfanyakazi ni nakala yake. Kila taarifa iwe na nakala mbili, moja kwenye faili la tawi, nyingine kwa mwenye shauri.

KAZI YA WIKI HII

Kila tawi lichague shauri moja lililolala, la saa za ziada, la ajali au la likizo. Wakae watu watatu, karatasi moja, vichwa sita. Wasiandike taarifa siku hiyo. Wajaze vichwa tu, waone kipi kiko kitupu, wagawane kazi ya kukijaza. Juma linalofuata waandike.

Mwajiri ana makarani wa kumpangia mambo yake. Sisi tuna wenzetu, na karatasi moja yatutosha kuanzia.