Profesa, msaidizi wake, na sisi wa benchi la nyuma

Ndugu msikilizaji, juzi mzazi mmoja wa hapa Shinyanga alinisimamisha sokoni. Kijana wake amechaguliwa kuingia chuo kikuu, na wenzake waliotangulia wamemwonya awaogope maprofesa na ajiweke karibu na wasaidizi wao. "Sasa huyo msaidizi," akaniuliza, "ni mwalimu kamili au ni mwanafunzi mwenzao?" Nilimwahidi kumjibu hapa redioni.

Chuo kikuu kina vyeo vyake kama jeshi. Chini kabisa yuko mkufunzi msaidizi. Huyu ni kijana aliyemaliza shahada ya kwanza na kufaulu vizuri sana. Katika vyuo vikuu vya umma hutakiwa awe na wastani usiopungua 3.8 kati ya 5. Akipata shahada ya uzamili huwa mhadhiri msaidizi. Akipata ya uzamivu huwa mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na mwisho profesa kamili. Ngazi za juu hupandwa zaidi kwa utafiti na maandishi. Ndiyo maana unaweza kumkuta bingwa anayesomwa Ulaya na Marekani, lakini akisimama mbele ya ubao haeleweki hata na watu wa benchi la mbele.

Zamani wasaidizi hawakuhitajiwa sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 15. Mwalimu aliwajua wote kwa majina. Leo darasa moja la mwaka wa kwanza laweza kuwa na mamia. Profesa hutoa mhadhara kwa wote pamoja, halafu wanagawanywa katika makundi ya semina na maabara, na huko ndiko wanakomkuta msaidizi. Kwa kawaida ya vyuo vyetu vingi, kazi na majaribio ya muhula huwa na alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60. Zile 40, kwa sehemu kubwa, kalamu inayozisahihisha ni ya msaidizi. Kwa hiyo wanaosema huyu ni mtu mdogo hawajui hesabu.

Mimi nilisoma jiolojia. Chuo chenyewe sitakitaja. Profesa wetu aliingia na chaki moja, akazungumza Kiingereza chake kwa saa nzima, akafuta ubao, akatoka. Mwishoni aliuliza, "Kuna swali?" Tulikuwa nayo mengi, lakini hakuna aliyethubutu. Tulidhani anatudharau.

Jirani yangu wa benchi alikuwa kijana wa Kahama. Kabla ya kusoma kidato cha tano aliwahi kushuka kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, akatafuta ada yake kwa sururu. Mawe aliyajua kwa mikono. Lakini katika jaribio la kwanza la mwamba wenye dhahabu aliandika mistari miwili, akapata alama 3 kati ya 20.

Msaidizi wetu, dada mmoja aliyetuzidi miaka minne hivi, alimwita. "Hebu nieleze kwa Kiswahili," akamwambia. Basi kijana akafunguka. Akaeleza kwamba jiwe la manjano linalong'aa sana mara nyingi hudanganya, ni chuma na salfa tu. Na kwamba jiwe jeupe lililoliwa na kutu, lenye vitundu vitundu, ndilo la kupasua na kuangalia. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho. Alama hakumbadilishia, maana kilichoandikwa kilikuwa kimeandikwa. Ila kila Alhamisi jioni kijana alimpelekea maelezo yake ya Kiswahili, akarudi nayo kwa Kiingereza. Somo lile alilifaulu.

Mwaka uleule tulipelekwa Geita kwa mafunzo ya vitendo, na profesa akaja nasi. Tulipopita Mwadui alisimama ndani ya basi na kutusimulia habari za John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi pale mwaka 1940. Alituambia kwamba Williamson alikusudia kusoma sheria, na safari moja ya kuchunguza miamba huko Labrador ndiyo iliyomgeuza. Tulishangaa: kumbe mzee huyu anacheka! Tukavuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, maana daraja halikuwapo.

Kule Geita, mbele ya mwamba wa mistari ya chuma, profesa aliuliza dhahabu itafutwe wapi. Kijana wa Kahama akaonyesha ufa mmoja wenye kutu. "Umejuaje?" profesa akauliza kwa Kiswahili. Kijana akaeleza. Profesa akatoa daftari lake, akaandika. Sijasahau mpaka leo: mtu mwenye uzamivu anaandika maneno ya mtu wa duara.

Ningependa kumalizia hapo, lakini nitakuwa nimekudanganya, msikilizaji. Mwaka wa pili yule kijana alidisko, yaani alifukuzwa kwa kushindwa masomo. Kilichomwangusha ni hesabu. Darasa la hesabu lilikuwa na watu zaidi ya 200, na nafasi ya msaidizi ilikaa wazi mwaka mzima. Hapakuwa na semina wala Alhamisi jioni. Alirudia mtihani, akaanguka tena. Profesa wetu alikwenda kumwombea, akajibiwa kwamba kanuni ni kanuni.

Mwaka juzi nilimkuta Geita akisimamia duara. Aliniuliza habari za yule dada. Nikamwambia siku hizi ni profesa, tena wa kuheshimika, na nasikia vijana wanauogopa mlango wake. Alicheka sana. "Waambie wabishe hodi," akasema.

Basi mzee wangu wa sokoni, jibu lako ni hili. Msaidizi ni mwalimu, tena kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiye wa karibu kuliko wote. Mwanao asijipendekeze kwake, ampelekee maswali. Na profesa asimwogope. Mara nyingi ukali wake ni wa ubaoni tu. Nao wanaoendesha vyuo wakumbuke kwamba kiti cha msaidizi kinapokaa kitupu, kuna mtoto wa mtu anayedondoka kimyakimya, na huenda ndiye aliyekuwa anayajua mawe kuliko sisi sote.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.